Nani Alimwuliza Rosa?

Katika mwaka wa pili wa masomo yangu tulisoma riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Mada ya semina ilikuwa malezi. Kila kundi lilitakiwa kujibu swali moja: ni nani aliyemharibu Rosa? Kundi la kwanza lilisema ni baba yake. La pili likasema ni shule iliyomlinda mno asiijue dunia. La tatu likasema ni maisha ya mjini. Kisha mwenzetu mmoja, kijana mpole ambaye sina ugomvi naye, akasimama na kusema kwa kifupi: "Mimi naona Rosa alijitakia." Darasa zima lilicheka. Mimi pia nilicheka. Makala hii naiandika kwa sababu ya kicheko changu mwenyewe.

Kwa msomaji asiyeijua riwaya hii, nitaieleza kwa ufupi. Rosa ni binti wa kwanza wa Zakaria na Regina, katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, alikozaliwa mwandishi mwenyewe. Zakaria ni mlevi, na ni mkali kwa mke na watoto. Rosa anapoandikiwa barua na mvulana aitwaye Charles, baba anampiga vibaya. Kuanzia hapo msichana anawaogopa wavulana. Anakwenda kusoma shule ya wasichana Mwanza. Kisha anatokea Deogratias, bwana mkubwa mwenye cheo na fedha, ambaye kwa msaada wa mama mmoja wa kijijini aitwaye Bigeyo anamlaghai Rosa na kumpata. Baada ya hapo Rosa anabadilika. Huko Morogoro, katika chuo cha ualimu, anakuwa na wanaume wengi, akiwemo Thomas, mkuu wa chuo. Anatoa mimba. Mwishowe anajaribu kuishi upya, Charles anarudi kumchumbia, lakini uchumba unavunjika kwa sababu ya maisha yake ya nyuma, naye anajiua.

Wahakiki wengi, na walimu wengi, wanaisoma hadithi hii kama somo kwa wazazi: ukimbana mtoto kupita kiasi, atakaponasuka atapotea. Usomaji huo una msingi wake. Hata Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, tunaisoma hivyo hivyo: Maksuudi anamfungia Maimuna ndani, Maimuna anatoroka, anaangukia kwenye ukahaba. Baba anabana, binti anapasuka. Ni mfano unaoeleweka haraka na unaojibika vizuri katika mtihani.

Lakini nikiutazama usomaji huo sasa, naona unafanya jambo la ajabu. Unaifanya hadithi nzima kuwa kesi baina ya baba na binti. Wanaume wengine wote wanakuwa kama mvua au jua, vitu vinavyomkuta mtu barabarani. Deogratias hashitakiwi. Thomas hashitakiwi. Katika saa mbili za semina yetu tulitumia maneno "kuharibika", "kupotoka", "kuanguka" na "kujirusha". Neno "kubaka" halikutajwa hata mara moja, hata kwa ajili ya kulikataa.

Nimezaliwa na kukulia Busasamana, katika wilaya ya Rubavu, karibu kabisa na mpaka wa Kongo. Kwetu ni nchi ya mawe meusi ya volkano, ya ibirayi na maharagwe, na usiku Nyiragongo inapowaka mbingu ya upande wa Goma huwa nyekundu. Kiswahili kwetu hatukukipata kwanza vitabuni. Kilikuja na biashara. Wanawake wanaovuka mpaka wa Kabuhanga na mboga na viazi wanakijua vizuri kuliko mimi ninayekisomea shahada. Wazee wengi wa Rwanda hawakipendi. Kwao mtu akiitwa "umuswahili" maana yake ni mjanja, tapeli, mtu wa mjini asiyeaminika. Hata baada ya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi yetu mwaka 2017, mama yangu alipojua nimechagua kukisomea aliuliza kama nimekosa masomo mengine.

Likizo ile nilirudi nyumbani na nakala ya riwaya. Jioni moja tulikuwa tunachagua viazi vya mbegu, mimi na dada yangu, na nikamsomea sura chache kwa sauti. Dada yangu hakumaliza sekondari. Kiswahili chake ni cha sokoni Goma. Alisikiliza bila kusimamisha mikono. Nilipofika mahali Rosa anaporudi akiwa si yule wa kwanza, dada akauliza kwa Kiswahili chake: "Na mama yake alikuwa wapi? Hakuna mutu mwenye alimuuliza?"

Nilirudi nyuma kurasa kadhaa nikitafuta. Kadiri nilivyokumbuka na kutafuta, sikuona mtu aliyekaa na Rosa akamwuliza: mwanangu, umefanyiwa nini? Wapo waliomlaumu, waliomsengenya, waliomhurumia kwa mbali, waliomtaka. Aliyemwuliza sikumpata. Hata mwisho kabisa wa riwaya, pale Rosa na baba yake wanaposimama mbele ya Mungu, mabishano ni juu ya nani mwenye hatia kati ya wawili hao. Deogratias hakuitwa hata katika mahakama hiyo ya juu.

Hapa sina budi kueleza kwa nini swali la dada liliniingia. Mwaka 2011, nilipokuwa na miaka 9, dada yangu alikuwa na miaka 16. Alipata mimba. Mwanamume alikuwa mtu mzima, mtu mwenye heshima zake, ambaye dada alikuwa akitumwa kwake mara kwa mara. Wazee walikaa. Kilitolewa kitu kidogo, na maneno yakaisha. Mtoto alipozaliwa, mama alimchukua na kumlea kama kitinda mimba wake. Mimi nilikua nikimwita mdogo wangu. Ukweli niliujua nikiwa na miaka 14, na si kwa kuambiwa; niliusikia kwa jirani aliyedhani najua. Nilipomwomba dada ruhusa ya kuyaandika haya, alinijibu: "Andika. Jina tu usiandike." Nimeheshimu neno lake.

Basi nikarudi chuoni na swali la dada, na nikaanza kutafuta mahali ambapo mtu aliwahi kuulizwa. Nililipata jambo hilo mahali nisipotarajia: si katika riwaya bali katika hukumu ya mahakama.

Jean-Paul Akayesu alikuwa mkuu wa komuni ya Taba, katika Gitarama, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Kesi yake ilisikilizwa Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Ilipoanza, hati ya mashitaka haikuwa na kosa la kubaka. Mauaji yalikuwemo, mateso yalikuwemo, lakini yale waliyofanyiwa wanawake hayakuwemo. Januari 1997 mwanamke mmoja, anayetajwa katika kumbukumbu kama shahidi J, alikuwa akieleza mambo mengine, akataja kwamba binti yake wa miaka 6 alibakwa na wanaume watatu. Halikuwa jambo aliloitwa kulisemea. Majaji walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa mwanamke, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Hawakulipita neno lile. Waliuliza. Machi mwaka huo shahidi mwingine, H, naye akaeleza yaliyompata yeye mwenyewe. Juni 1997 hati ya mashitaka ikarekebishwa na makosa ya ukatili wa kingono yakaongezwa. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ilimtia Akayesu hatiani, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari.

Mambo hayo wanafunzi wa sheria wanayajua. Kilichonivutia mimi mwanafunzi wa lugha ni sehemu nyingine ya hukumu hiyo, ambayo kwangu ni uhakiki wa lugha kabisa. Mashahidi walisema kwa Kinyarwanda, na walitumia maneno manne. Walisema kuryamana, yaani kulala pamoja. Walisema gusambanya, yaani kumzinisha mtu. Walisema kurungora, yaani kumwingilia mwanamke. Na walisema gufata ku ngufu, yaani kumshika kwa nguvu. Wakalimani waliyatafsiri yote kuwa kubaka. Mahakama ilibidi isimame na kuyachunguza maneno hayo, kwa sababu yakipimwa peke yake, matatu kati ya manne hayana nguvu wala shuruti ndani yake. "Kulala pamoja" ni neno la wapenzi. Ili kujua lilikuwa na maana gani katika kinywa cha mwanamke wa Taba, ilibidi wamsikilize akieleza: nani alikuwepo, nani alikuwa na panga, alikuwa ametoka kuona nini, angekimbilia wapi.

Mwanamke wa Kinyarwanda, kama mwanamke wa Kiswahili, anasimulia mambo haya kwa maneno ya aibu kwa sababu hana mengine anayoweza kuyatamka mbele ya watu. Siyo kwamba hajui alichofanyiwa. Lugha ya heshima imempa neno la tendo la ndoa, na anaazima hilo. Na kuna maneno mengine mabaya zaidi. Kubohoza kwa asili ni kufungua, kukomboa. Katika miaka ya vyama vingi kabla ya 1994 neno hilo lilitumiwa kwa kupora na kulazimisha watu wahame chama, na likafika hadi kwenye miili ya wanawake. Mtu alifanyiwa ukatili na jina la ukatili huo likawa "ukombozi".

Na Kiswahili je? Tunalo neno kubaka, nalo liko wazi. Lakini angalia tunavyoongea. Kwa mtoto, wengi husema kunajisi. Najisi ni uchafu, kitu kisichofaa ibada. Anayetenda ananajisi, lakini anayebaki na najisi ni mtoto. Tunasema "amemharibu", na kinachotajwa kuwa kibovu ni msichana. Tunasema "alimpa mimba", kana kwamba ni zawadi. Hata sheria yetu ya Rwanda ya mwaka 2018 kuhusu makosa na adhabu, ambayo kwa mtu mzima inasema waziwazi juu ya kufanyishwa tendo hilo kwa kulazimishwa, kwa mtoto bado inaliita kosa hilo gusambanya umwana, kumzinisha mtoto. Adhabu ni kali, hilo ni jema. Lakini ndani ya neno bado kuna uzinzi, na uzinzi ni dhambi ya watu wawili.

Nikiwa na fikra hizi nilimsoma Rosa kwa mara ya tatu. Hukumu ya Akayesu ilitoa maana ya ubakaji isiyoishia kwenye nguvu za mikono. Ilitazama mazingira: kama mtu yuko katika hali ya kushurutishwa, basi vitisho, hofu na mamlaka vinatosha kuwa shuruti, hata kama hakupigwa. Maana hiyo inahamisha macho ya mtazamaji. Badala ya kuuliza "je, msichana alikataa vya kutosha?" tunauliza "je, angeweza kukataa?"

Sasa mtazame Thomas. Ni mkuu wa chuo. Rosa ni mwanachuo. Cheti chake, chakula chake, kitanda chake na jina lake viko mikononi mwa mtu huyo. Hatuhitaji kujua kama Rosa alitabasamu. Mtazame Deogratias: ana cheo, ana fedha, na amemtanguliza mwanamke mtu mzima ambaye msichana amefundishwa kumheshimu. Na Rosa, ambaye amepigwa na baba yake hadi kuogopa hata barua, hajawahi kufundishwa kwamba ana haki ya kusema hapana kwa mkubwa. Amefundishwa kuogopa wavulana tu. Hakuna aliyemfundisha kuwaogopa mabwana wakubwa. Hao alifundishwa kuwaamkia. Kwa hiyo naona kipigo cha Zakaria hakikumfanya Rosa apende wanaume, kama tulivyosema darasani. Kilimfanya asiwe na mtu wa kumwambia.

Ninajua pingamizi zitakazotolewa, nami nimejiwekea mwenyewe mbili.

La kwanza: je, ni haki kumweka Rosa wa Ukerewe karibu na wanawake wa Taba? Taba ilikuwa mauaji ya kimbari. Ubakaji ulikuwa sehemu ya mpango wa kuangamiza watu. Hakuna kilichotokea Namagondo au Morogoro kinachofanana na hilo, na nikiwa Mnyarwanda siwezi kulipunguza. Sisemi mambo haya yana uzito mmoja. Ninachoazima Arusha ni namna ya kusikiliza tu. Kama majaji waliweza kusikia kosa ndani ya neno "kulala pamoja", mhakiki wa fasihi naye aweze kulisikia ndani ya neno "kupotoka".

La pili ni gumu zaidi. Rosa wa Morogoro anachagua. Anatafuta wanaume, anacheka nao, anawatumia. Nikisema kila kitu alifanyiwa, nitakuwa nimemnyang'anya hata lile dogo alilojitwalia. Hapa nimesumbuka sana. Jibu langu ni kwamba mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja. Kuna alichofanyiwa na kuna alichofanya, na cha pili hakifuti cha kwanza. "Alijitakia" ni neno linalochukua matendo ya mwaka wa tatu kuyafanya ushahidi dhidi ya mtu aliyeumizwa mwaka wa kwanza. Mbele ya mahakama yoyote ya haki hoja hiyo haisimami. Kwa nini isimame mbele ya darasa la fasihi?

Na Kezilahabi mwenyewe nimweke wapi? Kuna wenzangu wa kike wanaosema riwaya hii ni ya mwanamume anayemwadhibu msichana kwa kifo. Siwezi kukubaliana nao kabisa. Riwaya hii ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa muda, na haikupigwa marufuku kwa kuwa mpole kwa wakubwa. Kezilahabi aliweka wazi mkuu wa chuo, afisa, baba mlevi, mtoaji mimba na mchumba anayedai usafi asio nao yeye. Alituletea ushahidi wote mezani. Hata jina alilompa msichana ni ushahidi: Rosa Mistika ni moja ya sifa za Bikira Maria katika litania, waridi la fumbo. Msichana anabebeshwa jina la mama aliye bikira, yaani anatakiwa awe vitu viwili ambavyo mwili wa mwanadamu hauwezi kuwa kwa pamoja, na anapokosa kimoja anaambiwa hana thamani. Kasoro ninayoiona ni kwamba mwandishi aliwapa wahusika wake kila aina ya maneno isipokuwa swali. Na sisi wasomaji wa miaka 50 baadaye tumekuwa kama wanakijiji wa Namagondo: tunajua kila kitu na hatuulizi.

Linabaki suala la Regina, mama. Dada aliuliza yuko wapi. Kwa muda mrefu nilikuwa na hasira na akina Regina wote, na msomaji ameshaelewa ni kwa sababu gani. Sheria ya Rwanda ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia ilikuwepo tangu 2008, miaka mitatu kabla ya mimba ya dada. Bungeni kwetu, katika uchaguzi wa mwaka huohuo, wanawake walipata viti 45 kati ya 80, na mwaka 2013 walifika 51. Dunia nzima ilitusifu. Na katika nyumba moja ya Busasamana mama alipokea kitu kidogo, akanyamaza.

Mwaka jana nilithubutu kumwuliza. Tulikuwa wawili tu, jikoni. Nilisema: "Mama, kwa nini hukumwuliza dada kilichotokea?" Alikaa kimya kiasi cha kunifanya nijute. Kisha akasema: "Ningemwuliza, lile jibu ningelipeleka wapi?"

Nimeliwaza jibu hilo kuliko kitabu chochote nilichosoma chuoni. Mama yangu alikuwa na mtoto mchanga mgongoni wakati wa vita vya abacengezi mwaka 1997 na 1998, ambavyo viliipitia Gisenyi yetu kijiji kwa kijiji. Kuna miaka ambayo haisimulii. Sidai kujua kilichomo. Ninachojua ni kwamba alijifunza mapema kuwa kuna maswali ambayo jibu lake ni mzigo usio na pa kutuliwa. Regina naye yuko hivyo. Anapigwa na mumewe mwenyewe. Kama Rosa angemwambia, Regina angekwenda kwa nani? Kwa Zakaria?

Hapo ndipo nilipoelewa ufeministi kwa njia yangu, baada ya kusoma nadharia zake kwa mitihani tu. Kwetu neno hili linachekwa. Wanaume baa wakisema "uburinganire", usawa, wanasema kwa sauti ya mzaha, wakimaanisha mke asiyepika. Hata wasichana wenzangu husema kwanza "mimi si mfeministi" ndipo waseme jambo la maana. Lakini kama jibu la mama yangu ni la kweli, basi ufeministi ni kazi ya kujenga mahali pa kulipeleka jibu. Wanawake wa Taba hawakufika Arusha kwa sababu tu jaji aliuliza vizuri. Mwaka 1994, nchi ikiwa bado inanuka moshi, Godelieve Mukasarasi alianzisha SEVOTA, chama cha kuwasaidia wajane na yatima, na ndani ya vikao hivyo wanawake walianza kuambiana. Walikuwa wameshaulizana wao kwa wao kabla ya kuulizwa na mahakama. Vituo vya Isange, vilivyoanza Kigali mwaka 2009, ambapo aliyefanyiwa ukatili anakuta daktari, polisi na mshauri chini ya paa moja, ni mahali pa namna hiyo pia. Bila mahali, swali la mama linakuwa ukatili wa pili.

Niongeze tahadhari moja ili nisije nikaonekana nasema wanawake wote ni dada. Bigeyo ni mwanamke, na ndiye aliyefungua mlango. Katika historia yetu lipo jina zito zaidi: Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa waziri wa familia na maendeleo ya wanawake mwaka 1994, alitiwa hatiani Arusha tarehe 24 Juni 2011, na ubakaji ulikuwemo kati ya makosa hayo. Alikuwa waziri wa wanawake. Kwa hiyo kuhesabu wanawake bungeni au ofisini hakutoshi. Wala kuwa mama hakumfanyi mtu awe salama kwa watoto wa wengine. Swali linabaki lile lile kwa kila aliye na mamlaka, mke au mume: ulipomwona msichana yule, ulimwuliza au ulimfungulia mlango mtu mwingine?

Na mtoto? Katika Rosa Mistika mimba hazizai watoto wa kuonekana. Zinatolewa, na fasihi yetu ya Kiswahili inapenda zaidi msichana afe kuliko azae na kuendelea kuishi. Kifo kinafunga hadithi vizuri. Maisha hayafungi hivyo. Zamani, upande wa pili wa mpaka wetu na Uganda, wasichana wa Bakiga waliopata mimba kabla ya ndoa walitupwa kwenye kisiwa kidogo cha Akampene katika ziwa Bunyonyi wafe njaa. Kisiwa kipo mpaka leo na watalii wanakipiga picha. Dada yangu hakutupwa kisiwani. Alibaki palepale, akimwona mtoto wake kila siku akimwita mtu mwingine mama. Hakuna riwaya ya Kiswahili niliyosomeshwa inayokaa na mama wa namna hiyo kwa kurasa mia mbili, asubuhi hadi jioni, akipanda viazi, akivuka mpaka, akilipa ada ya "mdogo wake". Kama iko, naomba wasomaji wanielekeze. Kama haipo, basi kuna mtu anadaiwa kuiandika.

Ningependa kumalizia na pendekezo dogo kwa walimu wangu, kwa heshima zote. Rosa Mistika iendelee kufundishwa. Naipenda na sitaki iondolewe. Ila swali la semina libadilishwe. Badala ya "nani aliyemharibu Rosa?", swali ambalo tayari limeshaamua kwamba Rosa ni kitu kilichoharibika, tuulizwe: katika kila sura, ni nani alikuwa na nafasi ya kumwuliza Rosa, na kwa nini hakumwuliza? Nimejaribu kulijibu mwenyewe, sura kwa sura, na orodha yangu ni ndefu. Ina baba, mama, mwalimu, padri, jirani na mchumba. Mwishoni nimejiandika mimi, niliyecheka.

Niliporudi nyumbani Pasaka nilimsomea dada sehemu ya makala hii, ile inayomhusu yeye. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema Kiswahili changu ni kigumu mno, watu wa sokoni hawatakielewa. Kisha akanyamaza kidogo, akafunga gunia, na kwa mara ya kwanza akaanza kunisimulia. Aliyoyasema siku ile sitayaandika hapa.